Fonti Nene za Slabu: Mwongozo Kamili wa Kuzichagua na Kuzipanga kwa Maneno ya Kiswahili

Tazama neno VOLVO mbele ya lori, au SONY kwenye redio. Herufi zimesimama imara, na kila nguzo, yaani mstari mkuu wa herufi uliosimama, inaishia kwenye kipande bapa kilichokatwa mraba. Vipande hivyo vya kwenye ncha ndivyo vinavyoitwa serifu. Katika fonti za vitabuni kama Times New Roman, serifu huchongoka taratibu mpaka ikawa nyembamba. Katika fonti za slabu haichongoki. Inabaki bapa na nzito, na mara nyingi unene wake unakaribia ule wa nguzo yenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza vibao vya maduka, mabango, majalada ya vitabu, fulana na vichwa vya habari vya tovuti, na anayefanya hivyo kwa Kiswahili. Lugha nimeitaja makusudi. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu fonti hizi umetolewa na watu waliokuwa wakipanga maneno mafupi ya Kiingereza. Sisi tuna TUNAWAKARIBISHA, herufi 15 kwa pumzi moja, na tuna WA, YA na VYA kila baada ya maneno mawili. Fonti ya slabu ikiwa nene huwa pana, na maneno yetu ni marefu. Ugomvi huo kati ya upana wa fonti na urefu wa maneno ndio kiini cha kazi, na karibu kila hatua hapa chini inauhusu. Kanuni ninayoifuata ni hii: pima upana kwanza, uzito (yaani unene wa herufi) uchague baadaye.

Zilikotoka, na kwa nini zina tabia hii

Fonti hizi zilizaliwa kwa ajili ya matangazo. Mwanzoni mwa karne ya 19, London ilikuwa imejaa viwanda, maduka, safari za magari ya farasi na bahati nasibu, na kila mwenye bango alitaka lake lionekane ukutani kabla ya la jirani. Herufi zilizokuwapo zilikuwa za vitabu. Hata zikikuzwa, zilibaki na upole wa kitabu. Katika muongo wa 1810 mtengeneza herufi Vincent Figgins wa London akatoa fonti yenye serifu nzito za mraba, akaiita Antique. Wengine walizipa fonti za aina hiyo jina la Egyptian. Ulaya ilikuwa imeshikwa na shauku ya mambo ya Misri baada ya kampeni ya Napoleon ya 1798 hadi 1801, na jina hilo lilikuwa likiuza. Maandishi ya Misri yenyewe hayakuchangia chochote katika umbo la herufi hizi.

Mwaka 1845 ikaja Clarendon, kutoka kiwanda cha herufi cha Fann Street cha Robert Besley, ikichongwa na Benjamin Fox. Hii ilikuwa na kazi nyingine: kukaa ndani ya aya ya kawaida na kulifanya neno moja lijitokeze, kama neno linaloanza maelezo katika kamusi. Besley aliisajili chini ya sheria ya Uingereza iliyompa ulinzi wa miaka 3 tu, na muda ulipokwisha washindani wakainakili bila kuchelewa. Ndiyo maana hadi leo utakuta fonti chungu nzima zenye sura ya Clarendon na majina tofauti.

Marekani ikaongeza ukubwa. Herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito, ghali na rahisi kuharibika wakati wa kuzisubu, kwa hiyo wachapaji wa mabango wakahamia kwenye mbao. Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827 na kutoa orodha yake mwaka uliofuata. Serifu nzito ilifaa sana kwenye mbao kwa sababu haikatiki kirahisi inapobanwa na mashine ya chapa. Mabango ya sarakasi, ya maonyesho na ya kutafuta wahalifu yakajaa herufi hizo, na hapo ndipo slabu ilipopata ile harufu ya Marekani ya magharibi ambayo haijaitoka.

Badiliko kubwa lililofuata lilitoka Ujerumani. Mwaka 1929 kiwanda cha Stempel kilitoa Memphis, kazi ya Rudolf Wolf, ambayo iliondoa mapambo yote: duara kamili, nguzo za unene mmoja, serifu za mraba. Monotype ya Uingereza ikafuata na Rockwell mwaka 1934. Slabu ikawa na koo mbili zenye hulka tofauti kabisa, na kuchagua kati ya hizo mbili ni uamuzi mkubwa kuliko kuchagua jina la fonti.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi inaihitaji

Fonti nene ya slabu husema kwa sauti kubwa na kwa uhakika. Inafaa pale maneno ni machache na msomaji yuko mbali, au anapita, au ana sekunde chache. Kibao cha duka, jina la timu kwenye jezi, kichwa cha bango la tamasha, namba ya nyumba, jina la gazeti la shule, lebo ya gunia la unga, mlango wa karakana.

Haifai kwa aya. Ukipanga hata mistari sita ya maandishi madogo kwa fonti hii, ukurasa unakuwa ukuta mweusi, na jicho linachoka kabla ya kufika chini. Haifai pia kwa tangazo la tanzia, na kwa kadi ya harusi naiona nzito mno, ingawa nimeona wasanifu wakitumia slabu nyembamba kwenye kadi na ikapendeza. Tunazungumzia nene hapa.

Jipime hivi: sema ujumbe wako kwa maneno manne. Ukiweza, slabu nene inaweza kuubeba. Ukishindwa, chagua maneno manne yawe kichwa, mengine yote uyape fonti nyingine.

Hatua ya 2: Chagua ukoo kabla ya jina

Fungua fonti unayoifikiria, andika herufi kubwa H na herufi ndogo a, uzikuze mpaka zijaze skrini. Angalia vitu viwili.

Kwanza, pale serifu inapokutana na nguzo. Kuna pindo laini, au kuna kona kali ya nyuzi 90? Pili, unene wa mistari. Nguzo za wima na mistari ya mlalo zina unene mmoja, au moja ni nene kuliko nyingine?

Ukiona pindo laini na unene unaobadilika, uko kwenye ukoo wa Clarendon. Mara nyingi utaona pia tone la duara kwenye ncha ya a, ya r na ya j. Ukoo huu una joto. Una ukale wa heshima, sauti ya mtu mzima anayeeleweka. Naupenda kwa majalada ya riwaya, mikahawa, viwanda vya kahawa na chai, vyama vya ushirika, taasisi zenye historia. Hifadhi za taifa za Marekani zilitumia Clarendon kwenye vibao vyake vya barabarani kwa miaka mingi, na ukivitazama utaelewa: vinaelekeza bila kufoka.

Ukiona kona kali na unene wa aina moja, uko kwenye ukoo wa Memphis na Rockwell. Huu ni wa kiwanda. Uko wazi, hauna hisia nyingi, na unakaa vizuri kwenye vifaa vya ujenzi, michezo, teknolojia, maonyesho ya biashara. Nembo ya IBM iliyochorwa na Paul Rand ilianzia huku, kwenye fonti iitwayo City ya Georg Trump ya mwaka 1930, ambayo duara zake zimefanywa za mraba.

Kuna jamaa wa tatu ambaye serifu zake ni nene kuliko nguzo. Huyo ndiye wa mabango ya sarakasi na wachunga ng'ombe wa Marekani. Mtumie tu kama unataka msomaji afikirie huko moja kwa moja, kwa sababu hatafikiria pengine popote.

Sasa majina. Kama una Microsoft Office, huenda tayari unayo Rockwell, pamoja na Rockwell Extra Bold na Rockwell Condensed. Za bure zenye leseni huria ziko Google Fonts: Alfa Slab One ni nene sana na ina uzito mmoja tu; Roboto Slab ina uzito kuanzia 100 hadi 900; Zilla Slab, iliyotengenezewa Mozilla, waundaji wa kivinjari cha Firefox, ina uzito tano pamoja na italiki zake, yaani herufi zilizolala; Arvo ina wa kawaida na mnene; Bevan imetokana na Beton, fonti ya Kijerumani ya miaka ya 1930. Kwa anayeanza, ningempa mbili tu: Alfa Slab One kwa bango, Roboto Slab kwa kila kitu kingine.

Hatua ya 3: Pima upana

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Tuseme una kibao cha bati la futi 8 kwa 4, yaani takriban sentimita 244 kwa 122. Maneno ni VIFAA VYA UJENZI. Barabara iko mita 30 kutoka dukani. Kanuni inayotumika sana kwa vibao ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ikiwa unataka mtu asome kwa raha. Mita 30 zinadai herufi za sentimita 25.

Katika fonti nene ya slabu, herufi kubwa moja huchukua upana unaokaribia kimo chake. Herufi I ni kama nusu. M na W huzidi. Hesabu: VIFAA VYA ina herufi 8, lakini I ni nusu, basi tuseme 7.5. UJENZI ni 5.5 kwa namna hiyo hiyo. Jumla ni 13. Zidisha kwa 25, unapata sentimita 325, na bado hujaweka nafasi mbili kati ya maneno. Kibao ni sentimita 244. Haiingii, na si kwa pungufu kidogo.

Una njia nne. Ya kwanza ni kupunguza herufi mpaka mstari uenee: utaishia kama sentimita 16, na umbali wa kusoma kwa raha unashuka kutoka mita 30 hadi takriban 19. Ya pili ni kuvunja mistari: VIFAA VYA juu, UJENZI chini. Mstari wa juu unakuwa karibu sentimita 197, unabakiwa na zaidi ya 20 kila upande, na mistari miwili pamoja na nafasi kati yake inachukua kama 58 kati ya 122 za kimo. Zinabaki 64 za jina la duka juu na namba ya simu chini. Ya tatu ni kutumia toleo lililobanwa la fonti, kama Rockwell Condensed. Ya nne ni kupunguza maneno, na mara nyingi ndiyo bora: kama mlangoni kuna saruji na nondo zimepangwa, UJENZI peke yake kwa herufi za sentimita 35 inatosha.

Njia ya tano, ambayo utaiona mitaani kila siku, ni kushika pembe ya maandishi kwenye kompyuta na kuyasukuma yawe membamba. Usiifanye. Ukibana herufi mpaka asilimia 70 ya upana wake, nguzo zote za wima zinabaki na asilimia 70 ya unene wake, lakini serifu, ambazo ni mistari ya mlalo, zinabaki na unene wake wote. Ghafla serifu zimekuwa nene kuliko nguzo. Umetengeneza yule jamaa wa sarakasi bila kukusudia, na tena vibaya, kwa sababu mapindo yameharibika. Katika fonti isiyo na serifu ubanaji huu huumiza pia, lakini hujificha. Katika slabu hauna pa kujificha, kwa kuwa uwiano wa nguzo na serifu ndio tabia yote ya fonti.

Kuhusu kuvunja mistari: vunja mahali sentensi inapopumua. VIFAA / VYA UJENZI ina mantiki zaidi kisarufi, kwani VYA ni mali ya kinachofuata. Lakini VYA UJENZI ni herufi 9, mstari wa chini unakuwa mpana kuliko wa juu, karibu sentimita 222, na unabakiwa na kama 11 tu kila upande. Kwa kibao cha maneno matatu nakubali kuiacha VYA juu. Kwa kichwa cha habari cha maneno saba singekubali. Hapo msomaji anahitaji kila msaada.

Hatua ya 4: Jaribu kwa neno KWAYA

Kabla ya kuipitisha fonti yoyote kwa kazi ya Kiswahili, andika KWAYA kwa herufi kubwa. Kisha MWAKA, WAJUKUU, VIFAA, na NG'OMBE.

KWAYA ni mtihani mgumu kwa sababu herufi zake zote zina mistari ya mshazari. W ina serifu juu, A ina serifu chini. Zikikaa pamoja, mishazari yao inalingana na ingependa kusogeleana, lakini serifu ya W inatokeza kulia na ya A inatokeza kushoto. Fonti iliyotengenezwa vizuri imeshawekewa marekebisho ya jozi hizo. Nyingine hazijawekewa, hasa za bure zilizotengenezwa na mtu mmoja, na utaona pengo kubwa kati ya W na A huku K na W zikigusana. Kwa kuwa WA na YA ziko kila mahali katika lugha yetu, kasoro hiyo itakufuata katika kila mstari.

Rekebisha kwa mkono. Katika Illustrator, programu ya usanifu ya Adobe, weka kiteuzi kati ya herufi mbili, shika Alt, bonyeza kitufe cha mshale wa kushoto au kulia. Anza na jozi yenye pengo kubwa zaidi, uifikishe pazuri, kisha legeza zile zilizobana mpaka neno zima lionekane limejazwa sawasawa. Usipime kwa rula. Geuza neno juu chini kwenye skrini: macho yataacha kusoma, na mapengo yatajitokeza yenyewe.

VIFAA ina tatizo lingine. A mbili zikifuatana, miguu yao inagusana chini huku juu kukibaki uwazi mkubwa wa pembetatu. Huwezi kuuziba uwazi huo. Unachoweza ni kulegeza kidogo herufi nyingine za neno hilo ili uwazi usionekane wa ajabu. Au, kama fonti inaruhusu, acha serifu za A mbili ziungane kabisa ziwe msingi mmoja. Katika neno kubwa la bango linapendeza sana. Nusu kugusana ndiko kubaya. Ama ziachane wazi, ama ziungane.

Na NG'OMBE: angalia ile alama ya ng'. Alama iliyonyooka katika fonti nene huonekana kama msumari. Ile iliyopinda ina kichwa na mkia, na inakaa kama sehemu ya neno. Simu nyingi na baadhi ya programu za usanifu huandika iliyonyooka, basi ibadilishe mwenyewe, na uhakikishe imepinda upande wa kufungia, kwa umbo la tarakimu 9 ndogo. Kisha isogeze karibu na G, kwa sababu fonti nyingi huipa nafasi pana mno, na neno huonekana limekatika kuwa NG na OMBE.

Hatua ya 5: Chagua uzito kwa kuangalia matundu

Herufi ikinenepa, nyama inaingia ndani. Matundu ya a, e, g, B na R ndiyo yanayolipia. Kiswahili kina a nyingi kupita kiasi, hivyo tundu la a ndilo kipimo chako. Andika "habari za asubuhi" kwa herufi ndogo, ipunguze mpaka ukubwa wa mwisho, sogea nyuma. Kama a zimekuwa madoa, shuka ngazi moja ya uzito.

Kwa makadirio yangu: juu ya pointi 36, tumia uzito wowote. Kati ya 18 na 36, Bold ya kawaida, si ile nene kuliko zote. Chini ya pointi 14, tumia Medium au Regular, au achana na slabu.

Jambo moja la kuangaliwa sana na wanaotengeneza tovuti. Vivinjari huvipa vichwa vya habari uzito wa bold vyenyewe. Alfa Slab One ina uzito mmoja tu, unaotambulika kama 400, kwa hiyo kivinjari kitatafuta bold, kitaikosa, kisha kitaitengeneza kwa kupakaza herufi unene wa ziada. Matundu yanaziba. Weka font-weight ya kichwa hicho kuwa 400 na tatizo linakwisha. Katika Word na Canva ni vivyo hivyo: fonti ambayo tayari ni nene, usiibonyezee B.

Hatua ya 6: Herufi kubwa au ndogo, na nafasi kati ya mistari

Macho yetu yamezoea Kiswahili cha herufi kubwa tupu. Jina la kanga huandikwa hivyo, na mtu hulisoma mgongoni mwa mpita njia bila taabu. Kwa maneno matatu hadi matano, herufi kubwa za slabu zina nguvu isiyo na mpinzani, na mistari inaweza kukaribiana sana. Herufi kubwa karibu zote hazina mikia, basi weka nafasi ya mistari sawa na ukubwa wa fonti au hata chini kidogo: herufi za pointi 100, mistari pointi 95.

Kichwa kirefu zaidi ya hapo kiandike kwa herufi ndogo. Maneno yetu marefu husomeka haraka yakiwa na umbo, na umbo hilo linatokana na zinazopanda kama k, l, h na zinazoshuka kama y, g, j, p. Ila sasa mikia inaingia kazini. Ny, ng na vy ziko kila mahali, na mkia mnene wa y ya mstari wa juu utagonga kichwa cha k ya mstari wa chini. Anza na nafasi ya asilimia 110, uangalie jozi moja moja. Wakati mwingine kubadilisha mahali pa kuvunja mstari kunaondoa mgongano wote.

Nafasi kati ya herufi kwa jumla: kwenye ukubwa wa bango, bana kidogo, kama vipimo 10 hadi 20 chini ya sifuri katika Illustrator. Kwenye maandishi madogo ya herufi kubwa, legeza. Serifu tayari zinajaza nafasi, na ukizibana zikiwa ndogo zinashikana.

Hatua ya 7: Mpe mwenza mpole

Slabu nene haitaki fonti nyingine yenye kelele pembeni yake. Maandishi ya chini, yaani tarehe, mahali, kiingilio, namba ya simu, yaandike kwa fonti rahisi isiyo na serifu katika uzito wa kawaida. Roboto Slab na Roboto zote ni kazi ya Christian Robertson na zinaelewana bila kulazimishwa. Alfa Slab One inakaa vizuri na Open Sans. Ukoo wa Clarendon unaweza kukaa na fonti ya kitabu yenye serifu nyembamba, ilimradi tofauti ya uzito iwe kubwa.

Slabu mbili tofauti kwenye bango moja, hapana.

Hatua ya 8: Chapa kwa kuzingatia kitakachobeba herufi

Kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini, wino husambaa katika nyuzi za pamba, na matundu madogo huziba kwanza. Mwambie fundi akuchapie kipande cha jaribio kwenye kitambaa hicho hicho.

Kwenye mhuri wa mpira, shuka uzito zaidi ya unavyodhani ni lazima.

Herufi nyeupe juu ya rangi iliyokolea: wino unakula kingo za herufi, na fonti yenye serifu nyembamba hupoteza ncha zake. Slabu ina nyama ya kutosha kustahimili, na hii ni moja ya sababu bora za kuitumia. Lakini kibao chenye taa ndani ni kinyume chake. Mwanga hufurika nje ya herufi usiku na kuzinenepesha, kwa hiyo chagua uzito mwepesi zaidi na ulegeze nafasi.

Stika za kukatwa kwa mashine zinaipenda slabu. Kona zake ni wazi, hakuna ncha nyembamba za kunyanyuka ukutani. Na kama kibao kinachorwa kwa mkono, mpe fundi mchoro wa ukoo wa Rockwell: kwa rula na brashi bapa anaufikia vizuri, wakati mapindo ya Clarendon yanadai mkono uliozoea sana.

Kabla ya kutuma, chapa bango lako kwa kipimo cha 1 kwa 10. Kibao cha sentimita 244 kinakuwa sentimita 24.4 na kinaingia kwenye A4 iliyolazwa. Kibandike ukutani, simama mita 3, na uko mahali pa mtu aliye mita 30. Fanya hivyo nje, juani, maana ndani ya ofisi kila kitu husomeka.

Mwisho, geuza maandishi kuwa maumbo ili kompyuta ya mchapaji isibadilishe fonti ambayo haina: Ctrl+Shift+O katika Illustrator, Ctrl+Q katika CorelDRAW. Hifadhi kwanza nakala inayoweza kuhaririwa, kwa sababu namba ya simu ya mteja hubadilika. Tuma PDF, pamoja na picha ndogo inayoonyesha linavyopaswa kuonekana, na umwombe mchapaji asinyooshe wala asibane chochote ili kijaze fremu. Kama vipimo vyake havilingani na vyako, akupigie, upange upya.